Nani Alipie Moshi? Miaka Tisini na Mitano ya Kunasa Hewa Ukaa

Tarehe 2 Desemba 1930, mhandisi Robert Roger Bottoms wa kampuni ya Girdler, mjini Louisville katika jimbo la Kentucky, alipewa hataza ya Marekani kwa njia yake mpya ya kutenganisha gesi. Shida aliyokuwa akiitafutia dawa haikuhusiana na tabianchi. Wachimbaji wa gesi asilia walikuwa wakisumbuliwa na gesi mbili zinazopanda kutoka ardhini pamoja na ile wanayoitaka. Moja ni hidrojeni salfaidi, yenye sumu na harufu ya mayai viza. Nyingine ni hewa ukaa, ambayo haiwaki, na ikikutana na maji hula mabomba ya chuma. Bottoms alionyesha kwamba kemikali za jamii ya amonia, ziitwazo amini, zikichanganywa na maji huzishika gesi hizo mbili na kuiacha gesi asilia ipite. Mchanganyiko huo ukipashwa moto huziachia, na dawa ile ile hurudishwa kazini.

Mitambo mikubwa inayonasa hewa ukaa kutoka kwenye moshi wa viwanda leo, kuanzia Canada hadi Norway, inafuata mpango huo huo wa Bottoms. Amini zimeboreshwa, minara imekuwa mirefu, kompyuta zinasimamia vali. Msingi haujabadilika. Kwa hiyo anayesema kwamba dunia imechelewa kuzuia moshi wake kwa sababu elimu haikuwepo, historia haimuungi mkono. Elimu ilikuwepo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kilichopatikana mara chache, na mara nyingi kwa muda mfupi, ni mtu wa kulipa.

Mtambo wenyewe

Moshi wa kiwanda si hewa ukaa tupu. Sehemu kubwa ni naitrojeni, ile ile tunayoivuta kila siku. Katika moshi wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, hewa ukaa ni kama asilimia 12 hadi 14. Katika moshi wa mtambo wa gesi asilia ni asilimia 3 au 4 tu. Kazi yote ni kuichambua hiyo kidogo kutoka katika bahari ya gesi nyingine.

Kwanza moshi hupoozwa hadi nyuzi 40 hivi na kuondolewa majivu na salfa. Kisha feni kubwa husukuma moshi huo kwenye kitako cha mnara ambao ndani yake mmepangwa mabati membamba yaliyokunjwakunjwa. Juu ya mnara humwagwa mchanganyiko wa maji na amini. Mchanganyiko unateremka ukitambaa juu ya mabati, moshi unapanda katikati yake, na vinapopishana hewa ukaa hushikwa na amini. Kileleni hutoka naitrojeni na mvuke. Kitakoni hukusanyika kimiminika kilichoshiba hewa ukaa, ambacho hupelekwa kwa pampu kwenye mnara wa pili na kupashwa moto hadi karibu nyuzi 120. Hapo hutokea kile kinachotokea kwa soda iliyoachwa juani: joto huifukuza gesi kutoka kwenye maji. Hewa ukaa hutoka ikiwa safi, hugandamizwa mpaka iwe nzito karibu kama kimiminika, halafu husafirishwa kwa bomba au kwa meli.

Gharama kubwa imo kwenye ule mnara wa pili. Joto la kuchemshia amini linatokana na mvuke ambao ungezungusha mitambo ya umeme. Kiwanda cha umeme cha makaa ya mawe kikinasa sehemu kubwa ya hewa ukaa yake, hupoteza karibu robo ya umeme ambao kingeuza, na katika mitambo ya zamani hata zaidi. Mfanyabiashara anayeambiwa atoe robo ya bidhaa yake ili asafishe moshi, bila sheria ya kumlazimisha wala mteja wa kununua alichokinasa, atakataa. Wengi walikataa.

Wateja wa kwanza

Kwa miaka arobaini baada ya Bottoms, amini zilifanya kazi kwenye mitambo ya kusafishia gesi asilia, na pia ndani ya nyambizi, ambako mabaharia hawawezi kufungua dirisha kutoa pumzi zao. Hewa ukaa iliyotenganishwa viwandani kwa kawaida ilitupwa angani. Hakuna aliyeihitaji kwa wingi.

Mteja alijitokeza Texas. Katika wilaya ya Scurry kulikuwa na eneo la mafuta liitwalo SACROC, lililogunduliwa mwaka 1948, ambalo mafuta yake yalikuwa yamepungua nguvu ya kupanda. Wahandisi walijua kwamba hewa ukaa ikishindiliwa chini ya ardhi kwa mgandamizo mkubwa huchanganyika na mafuta yaliyonata kwenye mwamba, huyafanya mepesi na kuyasukuma kuelekea visimani. Mwezi Januari 1972, hewa ukaa iliyokuwa ikitupwa na mitambo ya gesi asilia kusini-magharibi mwa Texas ilianza kupelekwa SACROC kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipaa duniani, na gesi iliyokuwa taka ikageuka mali.

Hewa ukaa ya SACROC haikutoka kwenye moshi, ilitoka kwenye gesi asilia. Lakini bei nzuri ya mafuta iliwafanya wafanyabiashara wautazame moshi kwa jicho jipya. Mwaka 1982, mjini Lubbock, Texas, kiwanda kilianza kunasa takriban tani 1,000 za hewa ukaa kwa siku kutoka kwenye moshi wa mtambo wa umeme wa gesi, ili kuiuzia sekta ya mafuta. Kiufundi kilifanya kazi. Bei ya mafuta iliposhuka katikati ya miaka ya 1980, kilifungwa. Mnunuzi alikuwa ameondoka.

Mfano uliodumu uko jangwani California, katika mji wa Trona, pembeni mwa ziwa lililokauka la Searles. Huko huchimbwa chumvi za magadi kama zile ambazo zimekuwa zikivunwa kiwandani katika Ziwa Magadi, Kenya, kwa zaidi ya miaka mia moja. Ili kutoa magadi kwenye maji ya chumvi ya Searles, inabidi kupitisha hewa ukaa ndani yake. Mwaka 1978 kiwanda kilianza kuinasa hewa hiyo kwa amini kutoka kwenye moshi wa boila zake chenyewe za makaa ya mawe. Mtambo huo umeendelea kufanya kazi kwa miongo kadhaa. Hakuna aliyeujenga kwa ajili ya kuokoa tabianchi. Ulijengwa kwa sababu kila tani ya hewa ukaa ilileta magadi ya kuuza.

Hofu mpya

Katika miaka hiyo hiyo, watu wachache walianza kuuliza swali tofauti. Mwaka 1896, mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alikuwa amekokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka angani, dunia itapata joto. Mwaka 1977, mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IIASA huko Laxenburg, Austria, alichapisha makala yenye pendekezo lililowashangaza wengi. Alisema hewa ukaa inaweza kunaswa kwenye moshi wa viwanda na kutiwa kwenye mkondo wa maji mazito ya Mediterania yanayozama yakipita mlango wa Gibraltar kuingia Atlantiki, ili bahari ya kina kirefu iihifadhi. Pendekezo la kutumia bahari lilikuja kuachwa kwa sababu ya madhara kwa viumbe wa majini. Wazo la kunasa moshi kwa faida ya tabianchi lilibaki.

Mwezi Juni 1988, mwanasayansi James Hansen aliiambia kamati ya Baraza la Seneti la Marekani kwamba joto la dunia limeanza kupanda na kwamba binadamu ndiye chanzo. Mwaka huo huo likaundwa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC. Mikutano ilifuatana, na ahadi zikawa nyingi. Lakini miongoni mwa nchi chache zilizochukua hatua yenye meno mapema ilikuwa Norway, na hatua yenyewe ilikuwa kodi.

Tangu mwaka 1991, makampuni ya mafuta na gesi katika bahari ya Norway yanatozwa kodi kwa hewa ukaa yanayoitoa. Wakati huo kampuni ya taifa ya Statoil ilikuwa ikijiandaa kuchimba gesi ya Sleipner Magharibi, katika Bahari ya Kaskazini. Gesi hiyo ilikuwa na hadi asilimia 9 ya hewa ukaa, na wanunuzi wa Ulaya hawakukubali zaidi ya asilimia 2.5. Ilikuwa lazima iondolewe kwa amini, pale pale baharini. Swali likawa: ikishatolewa, itupwe angani na kulipiwa kodi mwaka hadi mwaka, au irudishwe chini?

Wahandisi walipiga hesabu, na hesabu ikachagua chini. Kuanzia mwaka 1996, karibu tani milioni moja kwa mwaka zilishindiliwa kwenye mwamba wa mchanga uitwao Utsira, mita zipatazo 800 hadi 1,000 chini ya sakafu ya bahari, mahali penye maji ya chumvi yasiyofaa kwa matumizi yoyote na palipofunikwa na tabaka nene la udongo mfinyanzi. Wanasayansi wamekuwa wakiipiga picha hewa hiyo kwa mawimbi ya mtetemo, wakiiona ikisambaa chini ya kifuniko chake bila kutoroka. Sleipner ilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ardhi inaweza kuihifadhi hewa ukaa, na kwamba sheria ya kodi inaweza kufanya kazi ambayo hotuba haziwezi.

Miaka ya ahadi na maumivu

Moshi wenyewe ulikuwa bado unasubiri. Siku ya mwaka mpya 2007, Waziri Mkuu wa Norway, Jens Stoltenberg, aliwaahidi wananchi wake kwamba kunasa moshi wa mtambo wa Mongstad, karibu na Bergen, kungekuwa kwa Norway sawa na safari ya kwenda mwezini. Kituo cha majaribio kilifunguliwa Mongstad mwaka 2012, na hadi leo kinapima amini za makampuni kutoka nchi nyingi. Mradi mkubwa wenyewe uligubikwa na ucheleweshaji na gharama, na mwezi Septemba 2013 serikali ikaufuta.

Marekani iliumia zaidi. Katika wilaya ya Kemper, Mississippi, kampuni ya umeme ilianza kujenga mtambo wa kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi na kunasa hewa ukaa yake. Gharama ilianza chini ya dola bilioni 3 na kupanda hadi takriban dola bilioni 7.5. Mwaka 2017 sehemu ya makaa ya mawe iliachwa, na baadaye majengo yake yakabomolewa.

Heshima ya kuwa mtambo wa kwanza mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe kunasa moshi wake ilikwenda Saskatchewan, Canada. Boundary Dam, nje kidogo ya mji wa Estevan, ni kituo cha kampuni ya umeme ya umma, SaskPower. Mwezi Oktoba 2014, jenereta yake ya tatu, inayochoma makaa laini ya kahawia yanayochimbwa jirani, ilizinduliwa ikiwa na mtambo wa amini wenye uwezo wa kunasa tani milioni moja kwa mwaka. Ukarabati wa jenereta na mtambo huo viligharimu karibu dola bilioni 1.5 za Canada, na sehemu kubwa ya hewa ukaa iliuzwa kwa wachimbaji wa mafuta wa Weyburn.

Shida ilikuwa ndani ya moshi wenyewe. Chembe za majivu, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, zilipita vichujio na kuingia kwenye amini. Amini ikaharibika kwa kasi ambayo wahandisi hawakuitarajia. Ilitoa povu, uchafu ukaganda kwenye mabati ya minara na kwenye vibadilisha joto, na mafundi wakalazimika kuzima mtambo mara kwa mara ili kuusafisha. Mwaka 2015 ilifahamika hadharani kwamba mtambo ulikuwa umefanya kazi chini ya nusu ya muda wake. Mafundi waliongeza vali za kutenga sehemu ili zisafishwe bila kuzima mtambo mzima, wakabuni njia za kuosha majivu, wakajifunza. Hawakufikia lengo la milioni moja kwa mwaka, lakini kwa miaka kama kumi ya kazi walinasa zaidi ya tani milioni 5. Somo walilolipata halimo kwenye hataza ya Bottoms: moshi wa kweli una uchafu wa kila aina, na kinachofanya kazi maabara kinapaswa kuvumilia majivu.

Texas ilijaribu tena, safari hii kwa ukubwa zaidi. Petra Nova, katika kituo cha umeme cha W.A. Parish karibu na Houston, ilianza kazi mapema mwaka 2017 ikitumia amini iliyotengenezwa na Mitsubishi na shirika la umeme la Kansai la Japani. Iligharimu karibu dola bilioni moja, na ilikuwa na uwezo wa kunasa takriban tani milioni 1.4 kwa mwaka. Hewa ukaa ilipelekwa kwenye visima vya mafuta vya West Ranch. Mwezi Mei 2020, janga la UVIKO-19 lilipoporomosha bei ya mafuta, mtambo ukasimamishwa. Ulirudi kazini Septemba 2023.

Yaliyotokea Lubbock katika miaka ya 1980 yakajirudia Petra Nova karibu miaka arobaini baadaye, na kwa sababu ile ile. Moshi unaonaswa ili kusukumia mafuta hutegemea bei ya mafuta. Zaidi ya hayo, mafuta yanayotolewa kwa njia hiyo huchomwa na kutoa moshi mwingine. Wanaoutilia shaka mpango wa namna hii wana hoja nzito, na mwandishi yeyote mkweli lazima aitaje. Kwa umeme, jua na upepo vimeshuka bei kiasi kwamba katika nchi nyingi ni nafuu kutochoma makaa kabisa kuliko kuyachoma na kuukimbiza moshi wake.

Saruji

Kuna kiwanda kimoja ambacho jua na upepo pekee haviwezi kukisafisha, nacho ni cha saruji. Mawe ya chokaa yakipashwa moto hadi karibu nyuzi 900, huvunjika: chokaa hubaki, hewa ukaa huondoka. Gesi hiyo imo ndani ya jiwe lenyewe. Hata tanuri lingewashwa kwa umeme wa jua, ingetoka vilevile. Karibu asilimia 60 ya hewa ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka kwenye jiwe, na iliyobaki hutoka kwenye nishati inayochomwa. Kwa jumla saruji huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani.

Ndiyo maana tukio la Brevik, mji mdogo wa bandari kusini mwa Norway, lina uzito. Kiwanda cha saruji cha Norcem, kilicho chini ya kampuni ya Kijerumani ya Heidelberg Materials, kilianza kujaribu njia za kunasa moshi wake zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mwaka 2020 serikali ya Norway ilitangaza mradi uitwao Langskip, ikakubali kubeba takriban theluthi mbili ya gharama. Tarehe 18 Juni 2025, mtambo wa Brevik ulizinduliwa rasmi ukiwa na uwezo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, yaani kama nusu ya hewa ukaa ya kiwanda hicho. Kiwango hicho kilichaguliwa kwa busara: ndicho kinachoweza kuendeshwa kwa joto ambalo tanuri lingelipoteza, bila kuchoma nishati nyingi mpya kwa ajili ya kuchemshia amini.

Hewa ukaa ya Brevik hupoozwa mpaka iwe kimiminika, hupakiwa melini, na kupelekwa Øygarden, magharibi mwa Norway. Kutoka hapo husafiri kwa bomba la kilomita zipatazo 100 chini ya bahari na kushindiliwa kwenye mwamba ulio mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Mradi huo wa hifadhi, Northern Lights, ni wa Equinor, jina jipya la Statoil, pamoja na Shell na TotalEnergies. Ulishindilia shehena zake za kwanza mwezi Agosti 2025. Hakuna tone la mafuta lililotafutwa kwa hewa hiyo. Imelipiwa ili ikae chini tu.

Hesabu yetu

Habari hii inafika mpaka kwetu. Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako saruji ya Twiga imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1966, kiwanda kina mwenye hisa mkuu yule yule mwenye Brevik. Mawe ya chokaa ya Wazo na ya Bamburi pale Mombasa hutoa gesi ile ile kwa kanuni ile ile. Miji yetu inajengwa, na itaendelea kujengwa, kwa sababu watu wanahitaji nyumba, madarasa, zahanati na madaraja.

Sisi tunaweza kuanza na kilicho rahisi. Afrika Mashariki ina majivu ya kale ya volkano, pozolana, ambayo viwanda vya Kenya na Tanzania huchanganya kwenye saruji ili kupunguza chokaa iliyochomwa. Kila gunia lenye pozolana zaidi linabeba hewa ukaa kidogo, bila mnara wala amini. Hatua hiyo inastahili kusukumwa hadi mwisho wa uwezo wake kabla ya kuota ndoto za Brevik.

Lakini mwisho huo upo, na baada yake jiwe litabaki kuwa jiwe. Siku itafika ambapo kunasa moshi wa saruji kutakuwa jambo la lazima hata huku, na ndipo swali la Louisville, Lubbock na Sleipner, la nani alipie, litatufikia sisi. Leo mitambo yote duniani ina uwezo wa kunasa takriban tani milioni 50 kwa mwaka, nyingi zikiwa za gesi asilia, wakati binadamu anatoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe. Pengo hilo halikuachwa na wanakemia. Liliachwa na serikali zilizoruhusu moshi utupwe bure.

Norway iliweza kulipia Brevik kwa sababu ina utajiri uliotokana na mafuta na gesi, yaani na moshi wenyewe. Hilo ni jambo la haki, na linapaswa kuwa kanuni: aliyetajirika kwa kuchafua alipie kusafisha, kwake na kwa wengine. Fundi anayenunua mifuko kumi ya saruji Mbagala ili amalizie chumba cha wazazi wake hapaswi kubebeshwa bili ya karne moja ya viwanda vya Ulaya na Marekani. Wajumbe wetu wanapokwenda kwenye mikutano ya tabianchi, wasikubali tena kuambiwa kwamba tatizo ni ukosefu wa teknolojia. Teknolojia ina miaka 95. Waulize kodi iko wapi, fedha ziko wapi, na nani ametia saini kuzilipa.